Mzio wa Binti wa Mfinyanzi

Asubuhi ya Jumatatu Injinia alinyoa ndevu, na alipofika kazini akazikuta zipo.

Aliziona kwenye kioo cha lifti. Akapitisha kiganja kidevuni: ndevu za siku tatu, kavu, zinakwaruza. Povu alilikumbuka, wembe aliukumbuka, na hata mkewe alivyomtania mlangoni, "Leo umerudi ujanani," huku binti yao wa miaka mitano akimng'ang'ania mguu asiende. Lifti ikafunguka. Akajiambia kwamba mtu akichoka, macho nayo huchoka, akaenda zake.

"Injinia, wembe umegoma?" mkurugenzi wa hospitali alimuuliza walipopishana koridoni.

"Umegoma, mzee. Unadai likizo."

Wakacheka, kila mtu akashika njia yake. Injinia alipendwa pale. Ndiye aliyeandika programu zilizoendesha hospitali nzima, na mfagiaji kwa daktari bingwa, wote walimwita kwa jina hilo moja kompyuta inapowasumbua. Alikuwa mwepesi wa kuja na mwepesi wa mzaha.

Mchana alikwenda kantini, akala sahani yake yote, akanawa mikono. Alipokuwa mlangoni mpishi akamwita.

"Kaka, chakula kina nini leo? Mbona hujakigusa?"

Injinia akageuka. Sahani ilikuwa imejaa kama ilivyopakuliwa, kijiko kikavu kimelazwa pembeni. Tumbo lake lilinguruma, tumbo la mtu ambaye hajatia kitu tangu jana yake.

"Sina hamu," alisema taratibu, akatoka upesi kabla mpishi hajamtazama usoni.

Alikwenda kujificha kwenye chumba cha seva. Humo ndimo zilimokaa kompyuta kubwa zilizohifadhi habari za kila mgonjwa, chumba kisicho na dirisha, baridi mchana kutwa, kinachovuma kama mzinga wa nyuki. Miaka saba alikuwa akiingia humo kupumzisha kichwa. Siku hiyo, alipofunga mlango, alisikia harufu. Haikuwa ya waya ulioungua, hiyo angeijua. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, udongo uliotoka kuchimbwa na kulowekwa. Na chini ya ule mvumo wa mashine palikuwa na sauti nyingine, nzito, ya kiganja kinachopiga kitu chenye maji. Pwa. Kimya. Pwa. Kimya.

Kwenye rafu palikuwa na mashine ndogo ya kuchapa lebo za dawa, mbovu, iliyoletwa kutoka famasia ingoje kipuri. Waya wake ulikuwa umeviringwa na kufungwa kwa mpira. Taa yake ikawaka. Ikaanza kutoa lebo moja baada ya nyingine, utepe mrefu uliokuwa ukishuka mpaka sakafuni, na kila lebo ilikuwa na maneno mawili tu: MZIO, PENISILINI. Injinia aliinama kuuokota utepe, na maneno yakafutika mbele ya macho yake, kuanzia herufi ya mwisho kwenda ya kwanza, ukabaki mweupe mkononi.

Hakuhitaji kuambiwa ni nani aliyekuja. Alijua, na alijua kwa nini.

Mwezi mmoja nyuma Injinia alikuwa ameamua kuirekebisha sehemu ya mzio. Kila mgonjwa alikuwa na ukurasa wake ndani ya hifadhidata, na juu ya ukurasa palikuwa na sehemu nyekundu ya kuandika dawa ambazo mwili wake hauzivumilii. Muuguzi wa mapokezi anauliza, mgonjwa anajibu, muuguzi anaandika, kisanduku cha kijani kinatokea: Imehifadhiwa. Zamani programu ilikuwa ikiandika yenyewe moja kwa moja, na kila kilichoandikwa kilithibitishwa papo hapo bila mtu kuomba. Injinia akaona kazi ile ni ya kuzungukazunguka. Akatunga utaratibu mmoja safi, akauhifadhi ndani ya hifadhidata yenyewe, na programu ikabaki na kazi ya kuuita tu. Ikiuita, utaratibu unaandika na kujibu, "Tayari."

Lakini hifadhidata ina tabia ya karani mwangalifu. Ukimpa neno hulitia kwanza kwa penseli, akakungoja wewe uliyempa useme kwamba umethibitisha. Ukisema, anatia wino. Ukiondoka bila kusema, anachukua kifutio na kuurudisha ukurasa kama ulivyokuwa, wala hamwambii mtu. Katika njia ile mpya, kuthibitisha lilikuwa jukumu la programu iliyoita, na Injinia alisahau kuandika mstari huo. Mstari mmoja, wenye neno moja. Alipojaribu mezani kwake aliona kila kitu kimeingia, kwa sababu alikuwa bado hajaondoka mbele ya karani, na mwandishi huiona penseli yake mwenyewe. Akaridhika, akaipeleka kazini.

Kwa siku tisa wauguzi waliandika mizio ya watu, kijani kikawaitikia, na karani akafuta.

Siku ya tisa aliletwa msichana mwenye jeraha la mguu lililooza na homa kali. Alikuwa binti wa pekee wa mwanamke mfinyanzi, mjane aliyewauzia nusu ya mji ule vyungu. Aliyempokea alikuwa muuguzi mmoja mwenye watoto mapacha, ndiyo maana wote walimwita Mama Pacha. Msichana akamwambia kwamba alipokuwa mdogo sindano ya penisilini iliwahi kumbana koo nusura afe. Mama Pacha akaandika. Kijani kikatoka. Saa tatu baadaye, wodini ghorofa ya juu, msichana akiwa hajitambui kwa homa, daktari alifungua ukurasa, akaona sehemu nyekundu iko tupu, akaagiza sindano. Haikufika robo saa, msichana akafa.

Jioni ile ile Injinia alitafuta, akaliona kosa lake. Alikaa nalo kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha akaongeza ule mstari, akafuta kumbukumbu za mabadiliko kwenye seva, na siku ya kikao alipoulizwa kama mfumo unaweza kupoteza neno, alijibu, "Mfumo haudanganyi. Lingeandikwa, lingekuwepo."

"Injinia," Mama Pacha alisema kwa sauti ya chini, akimtazama yeye peke yake miongoni mwa wakubwa wote waliokuwemo, "wewe unanijua. Nilikiona kijani. Waambie kwamba niliandika."

Injinia aliangalia meza. Mama Pacha akafukuzwa kazi siku hiyo, na leseni yake ya uuguzi ikazuiwa.

Mfinyanzi alikuwa amesimama mlangoni pa kikao, udongo umemkaukia mpaka viwikoni, maana aliacha kazi alivyokuwa siku aliyomkimbiza binti yake hospitali na hakuwa amenawa tangu siku hiyo. Hakulia. Alisema, "Sitamshitaki mtu. Aliyemfutia mwanangu neno lake, naye afutiwe yake." Akaondoka. Mfagiaji mmoja, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimnong'oneza Injinia walipobaki wawili koridoni: "Ukoo ule una wa kwao. Jini wa machimbo ya udongo. Yule binti alilelewa na wawili, mama yake na huyo." Injinia alimcheka. Kufikia Jumatatu ile zilikuwa zimepita siku kumi na mbili tangu acheke.

Baada ya siku ile ya ndevu mambo yalikwenda yakiongezeka. Alifunga vifungo vya shati, vikafunguka vyote akiwa kwenye kikao. Aliweka sahihi kwenye fomu ya likizo, karani wa utumishi akamrudishia akisema hajasaini. Alikula na kubaki na njaa, akanywa na kubaki na kiu, na suruali zikaanza kumvuka. Nyumbani, jua likiwa bado halijatua, alimwambia mkewe kwamba mkono wake wa kushoto unauma. Mkewe, ambaye alifundisha chekechea na alikuwa na subira ya watoto arobaini, alimshika mkono, akamkanda, akampa pole. Akatoka kwenda kuanua nguo. Aliporudi akamwambia, "Mume wangu, tangu umeingia hujanisemesha hata neno. Nimekukosea nini?"

"Nimekwambia mkono unauma. Umenikanda sasa hivi."

"Mimi?" Mkewe aliitazama mikono yake kana kwamba ingemjibu. "Mimi nimetoka uani sasa hivi, baba. Usinitishe."

Jumanne ya wiki iliyofuata, saa sita mchana kamili, koridoni watu wakipita na vikapu vya chakula vya wagonjwa, Injinia aliingia chumba cha seva kwa sababu moja tu, kwamba hapakuwa na mwingine wa kuingia, na alipokuwa bado ameshika kitasa alisikia pwa, na kimya, na pwa, karibu zaidi kuliko siku ile, ikitoka nyuma ya kabati la mwisho ambako hewa ya baridi hutokea, akataka kurudi nyuma lakini mlango uliokuwa umefunguka ulikuwa sasa umefungwa, ingawa hakuufunga yeye, na akaona maji ya udongo yakija sakafuni polepole, mekundu, yakipita chini ya mashine bila kuzizima, yakimgusa ncha za viatu, na kwenye maji hayo akaona nyayo zikijichora, moja, ya pili, za mtu asiye na haraka, mpaka akasimama mbele yake mwanamke mrefu mwenye mikono iliyolowa udongo hadi viwikoni, na juu ya shingo yake palikuwa na uso ambao bado haujafinyangwa, laini, mtupu, bila jicho wala mdomo, donge linalosubiri kidole. Yule mwanamke akainua kidole gumba, akajibonyeza mahali pa mdomo, pakatokea tundu. Katika tundu hilo ikatoka sauti.

"Aliandikwa, ukamfuta," ilisema. "Sasa andika wewe. Nione kitakachobaki."

Alizinduka koridoni akiwa amekaa sakafuni, viatu vyake vikavu. Yule mfagiaji alikuwa amemwinamia na ndoo.

"Umemwona," alisema. Hakuwa anauliza.

"Nifanye nini?" Injinia alinong'ona.

"Unajua ulichofanya. Kakiseme."

Akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, akafunga mlango, akasema yote, tangu mstari uliosahauliwa mpaka kumbukumbu alizozifuta. Mkurugenzi alisimama. Uso ulimwiva. Alimwita mnyama, akamwita muuaji, akampa mgongo na kukamata simu amwite mwanasheria, na mkono ukiwa umefika sikioni akausahau hapo. Akageuka taratibu.

"Aa, Injinia. Karibu. Mbona umesimama? Kuna tatizo?"

Injinia alisema tena. Mkurugenzi alipandwa na hasira ile ile, mpya kabisa, kwa maneno yale yale, akaiendea simu, akasahau. Mara ya tatu Injinia alisema akilia, akimshika mkono asigeuke, na mzee wa watu alimhurumia na kumlaani kwa pamoja, kisha macho yake yakatulia kama maji yaliyopitiwa na upepo na kuachwa. "Unalia nini, kijana wangu? Nyumbani kwema?" Injinia akaandika barua, akasaini, akaiweka mezani. Walipoitazama wote wawili ilikuwa karatasi nyeupe.

Hapo ndipo alipoelewa. Jini yule hakuja kumkaba koo. Alikuja kumfanya awe Mama Pacha: aseme kweli, na kweli isiwepo.

Palikuwa na mganga mjini aliyeshinda akitengeneza miwani kwenye duka jembamba, na wengi walimwendea kwa macho na wachache kwa majini. Walimwita Bwana Miwani. Jumatano Injinia alimsimulia kila kitu, naye akamwambia arudi kesho yake. Alhamisi aliporudi, Bwana Miwani alimtazama kwa adabu ya muuza duka.

"Karibu. Ni lenzi au fremu?"

Injinia akaketi. "Nilikuja jana," alisema. "Tuliongea saa nzima."

Bwana Miwani aliweka bisibisi chini. Akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari lake la kazi, akarudi nyuma ukurasa mmoja. Alisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kusogeza kiti mbali.

"Huu ni mwandiko wangu," alisema. "Sikumbuki kuuandika. Unasema: Amekuja mtu mwembamba mwenye ndevu, akitoka nitamsahau, basi naandika akiwa bado hapa. Ameua msichana kwa kusahau neno moja. Amemwangamiza muuguzi kwa kunyamaza. La kwanza ni ajali. La pili alilitaka." Akafunga daftari. "Sasa umeona? Uliyoyasema wewe yamekwenda. Niliyoyaandika mimi kwa mkono wangu yamebaki."

"Basi mtoe. Unatoa majini."

"Natoa jini aliyeingia pasipomhusu. Huyu yuko kwake. Ana haki." Bwana Miwani alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu dukani. "Nenda kwa wale uliowafutia. Sema mbele yao. Wakilipokea neno lako, wao ndio watakaolitia wino. Wasipolipokea, usirudi kwangu, kwa sababu sitakujua."

Mama Pacha alikuwa amehamia chumba kimoja nyuma ya shule, akishona mashuka. Alimfungulia Injinia mlango, akamtazama kuanzia ndevu hadi suruali iliyofungwa kwa kamba, akawaambia mapacha wake wakacheze nje.

"Sema ukiwa umesimama," alisema. "Kiti changu hukalii."

Akasema. Mama Pacha alichukua kalamu tangu neno la kwanza, kwa sababu miaka kumi na sita ya uuguzi ilikuwa imemfundisha kuandika mtu akiwa bado anaongea. Aliandika tarehe. Aliandika saa. Alipofika kwenye zile kumbukumbu zilizofutwa alinyanyua kichwa.

"Kwa hiyo hakuna ushahidi."

"Upo. Kila wiki nakala ya programu inapelekwa kuhifadhiwa nje ya hospitali. Nakala ya wiki ile haina ule mstari. Sikuweza kuifikia." Akameza mate. "Ningeweza, ningeifuta nayo."

Kalamu ikaandika na hilo. Mama Pacha akasoma alichoandika, na kwa sababu kilikuwa cha mkono wake, hakikufutika. Alikaa akiitazama ile karatasi.

"Mapacha wangu wanaitwa watoto wa muuaji shuleni," alisema. "Ulijua hilo?"

"Nilisikia."

"Ulisikia." Akakunja karatasi mara mbili. "Hii naipeleka kwa mkurugenzi. Lakini haitapita kwake kabla ya kupita kwa mama wa yule msichana. Twende."

Mfinyanzi aliishi mwisho wa barabara, penye uwanja uliojaa vyungu vilivyokuwa vikikauka. Ilikuwa alasiri, jua kali. Alikuwa amepiga magoti mbele ya donge la udongo, na hakuinuka. Injinia aliisikia ile sauti kabla hajaingia uani, pwa, na kimya, na alipoona viganja vya mfinyanzi vimetulia mapajani akajua kwamba anayepiga udongo ni mwingine, huko nyuma ya tanuri, mahali ambapo kivuli kilikuwa kirefu kuliko kitu chochote cha kukitupa. Mama Pacha naye alisikia. Akamshika Injinia kiwiko, si kwa upendo, ila kwa sababu hapakuwa na kingine cha kushika.

"Shikamoo, mama," Injinia alisema.

Mfinyanzi aliendelea kuutazama udongo.

Akasema yote kwa mara ya sita, na safari hii alisema polepole, maana kila neno lilipotoka kinywani mpigo wa nyuma ya tanuri ulilifuata, kana kwamba kuna mtu anayelipima kabla ya kulipokea, na harufu ya udongo ikapanda mpaka akahisi amekaliwa kifuani, na akaendelea tu kusema, chai aliyokunywa akiwa tayari anajua, meza aliyoitazama alipoombwa atazame uso wa mtu, kicheko chake koridoni, mpaka hakubaki na la kusema.

"Ulijua lini?" mfinyanzi aliuliza.

"Jioni ile ile, mama."

"Alikuwa bado yuko hospitali? Mwili wake?"

"Alikuwa bado yupo."

"Nilikuwa nimekaa chini kwenye benchi. Ungeshuka ngazi tu." Mfinyanzi alimgeukia Mama Pacha. "Wewe, binti yangu aliniambia habari zako. Alipopelekwa wodini alisema, mama, yule sista ameniandika, usiwe na wasiwasi. Nami nilikuacha ufukuzwe huku nikijua hilo. Unisamehe." Akanyoosha mkono, akaipokea ile karatasi, akabonyeza kidole gumba chenye udongo chini ya maandishi. "Haki yako ithibitike. Nimesikia."

Nyuma ya tanuri mpigo ukakoma. Ukimya wake ulikuwa mkubwa hata Injinia akadhani masikio yamemziba. Njaa ikamtoka tumboni. Akapiga magoti.

"Na mimi, mama? Nisamehe na mimi."

Mfinyanzi alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama chungu kilichopasuka tanurini akijiuliza kama kuna pa kuziba. Kisha akainuka, akanawa mikono kwenye beseni, kidole kimoja kimoja, akaingia ndani na kufunga mlango.

Kutoka nyuma ya tanuri ikaja tena. Pwa.

"Ondoka hapa," Mama Pacha alinong'ona. "Hajakujibu. Ondoka."

Karatasi ile ilishika. Mkurugenzi aliisoma Ijumaa asubuhi akakasirika, na hasira yake ikakaa. Mtaalamu wa nje aliifungua nakala ya wiki ile, akakuta mstari haupo. Mchana Injinia alisimama mbele ya kikao kile kile, akasema kwa mdomo wake, na hakuna aliyesahau. Mama Pacha alirudishiwa kazi na leseni, akaombwa radhi mbele ya wafanyakazi wote, akawataka waiandike radhi hiyo na kuibandika kwenye geti la shule ya watoto wake. Wakaiandika. Injinia alifukuzwa, akaambiwa Jumatatu afike polisi mwenyewe. Walinzi walipomtoa getini alikuwa na amani ambayo hakuwa nayo tangu siku ile. Kwa mwanasheria atakwenda, kifungo akipewa atakitumikia. Alitaka kwanza kwenda nyumbani, awaambie mke na mtoto kwa kinywa chake kabla hawajasikia kwa watu.

Alifika saa kumi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na ufunguo wake haukuingia. Akabisha. Mkewe akafungua, chaki ikiwa bado kwenye vidole, akasimama nusu nyuma ya mlango kama anavyosimama mwanamke aliye peke yake nyumbani.

"Karibu, kaka. Unamtafuta nani?"

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na mwisho mzuri. "Ni mimi, mke wangu."

"Umekosea nyumba," alisema kwa upole. "Mimi sijaolewa."

Injinia alitazama ndani kwa juu ya bega lake. Mapazia yalikuwa yale yale, meza ile ile. Viatu vidogo havikuwepo mlangoni. Michoro ya kalamu za rangi haikuwepo ukutani. Ukuta ulikuwa safi, haujawahi kuguswa na mtoto.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza.

"Mtoto gani, kaka yangu?" Uso wa yule mwanamke ulijaa huruma ya mtu aliyezoea kubembeleza wanaolia. "Nafundisha wa wenzangu tu. Wangu sijajaliwa."

Injinia alimtajia jina la binti yao. Alilitaja taratibu, kwa ukamilifu, mara mbili, akimtazama machoni. Mwanamke akalirudia chinichini, kama anayelionja.

"Ni jina zuri," alisema. "Ningejaliwa binti, ningempa hilo."

Akamtakia safari njema, akafunga mlango.